Kipaji na Cheti: Je, Kijana wa Mpira wa Vikapu Amalize Chuo Kwanza?

Katika somo hili tunataka tuzungumzie swali ambalo vijana wengi wa mpira wa vikapu huliuliza, na wazazi wao huliuliza pia, ingawa kwa sauti ya chini. Kijana mwenye kipaji akipata nafasi ya kucheza kwa malipo, je, aache masomo aende, au avumilie amalize chuo kikuu kwanza?

Swali hili limejadiliwa zaidi nchini Marekani. Huko ndiko kuna NBA, ligi ya kulipwa iliyo kubwa kuliko zote, na vyuo vikuu vya huko ndiyo njia ya kawaida ya kuifikia. Kwa hiyo mifano yetu mingi itatoka huko. Lakini jambo lenyewe linatugusa sisi pia. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa michezo, hasa wakimbiaji, na wachezaji wa vikapu nao wamo. Pengine familia na majirani wamefanya harambee ya tikiti ya ndege. Basi ni vizuri tujue njia anayoingia mtoto wetu.

NJIA YENYEWE IKOJE?

Kila mwaka, mwezi wa Juni, timu 30 za NBA hukutana na kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Nafasi zote ni kama 60 tu, katika raundi mbili. Sasa tupige hesabu kidogo. Vyuo vya daraja la kwanza vyenye timu za wanaume ni zaidi ya 350. Kila timu ikiwa na wachezaji 13 tu, hao ni vijana zaidi ya 4,500. Tena katika zile nafasi 60, baadhi huchukuliwa na vijana kutoka Ulaya, Australia na kwingineko. Kwa hiyo wengi mno watamaliza mpira wao chuoni, wapende wasipende.

Jambo la pili ni mkataba. Anayechaguliwa raundi ya kwanza hupewa mkataba ambao miaka 2 ya mwanzo italipwa hata akishindwa kuonyesha mchezo. Wa raundi ya pili hana ahadi kama hiyo. Anaweza kuachwa kabla msimu haujaanza. Wazazi washike sana jambo hili. Watu wawili wanaweza kusema "nimechaguliwa na NBA," kumbe mmoja ana pesa za uhakika na mwingine ana matumaini tu.

Sheria nayo imebadilika mara kadhaa. Zamani mchezaji hakuruhusiwa NBA mpaka miaka 4 ipite tangu darasa lake limalize sekondari. Kijana mmoja, Spencer Haywood, alipinga sheria hiyo. Alitoka familia maskini ya watoto 10 huko Mississippi, mama yake akichuma pamba kama kibarua. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1971 uamuzi ukawa upande wake. Mlango ukafunguka. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2005 vijana wengi walitoka sekondari moja kwa moja hadi NBA. Kisha, kwa makubaliano ya mwaka 2005, ligi ikaweka kwamba mchezaji lazima awe anatimiza miaka 19 mwaka huo, na kama ni wa Marekani, mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari. Ndiyo sababu wengi siku hizi hukaa chuoni mwaka mmoja tu, kisha huyooo, wameondoka.

WANAOSEMA "AENDE SASA"

Hawa wana hoja nzito, tusiwadharau. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwili wa mchezaji haungojei. Goti likivunjika chuoni, ile nafasi ya mamilioni inaweza kupotea siku hiyo hiyo. Tena nyumbani kuna mama, kuna wadogo wanaohitaji karo, kuna kodi ya nyumba.

Mifano wanayo. Kevin Garnett alitoka sekondari mwaka 1995 akachaguliwa wa 5, na miaka 2 baadaye alitia sahihi mkataba wa dola milioni 126. Kobe Bryant alifuata mwaka 1996. Alikuwa na miaka 17 tu, hata wazazi wake walilazimika kutia sahihi pamoja naye. LeBron James alikuja mwaka 2003 akiwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa. Nani atawaambia hawa walikosea?

Hoja yao nyingine ni ya haki. Kwa miaka mingi vyuo vilipata mamilioni ya dola kutokana na televisheni na tikiti, makocha wakalipwa mishahara minono, lakini kijana anayejaza uwanja alipewa karo, chakula na malazi, basi. Kumwambia kijana huyo "subiri" huku wengine wanakula jasho lake ni kumwonea.

WANAOSEMA "AMALIZE KWANZA"

Hawa wanajibu kwamba sisi hukumbuka majina ya waliofaulu na kusahau ya wengine. Korleone Young alitoka sekondari mwaka 1998, akachaguliwa wa 40, raundi ya pili. Katika NBA alicheza mechi 3 tu. Lenny Cooke alisifiwa sana alipokuwa mwanafunzi, kiasi cha kutajwa pamoja na LeBron. Mwaka 2002 alijiandikisha kuchaguliwa. Jina lake halikuitwa. Na kwa sheria za wakati ule, kurudi nyuma kwenda kuchezea chuo haikuwa rahisi. Mlango wa mbele umefungwa, na wa nyuma umefungwa.

Halafu wanamtaja Tim Duncan. Mama yake alifariki kwa ugonjwa wa saratani alipokuwa bado mtoto, na alikuwa amemwahidi kwamba atamaliza chuo. Angeweza kuondoka mapema na kuchaguliwa juu kabisa, lakini alikaa miaka 4 katika chuo cha Wake Forest akapata shahada ya saikolojia. Mwaka 1997 alichaguliwa wa kwanza na San Antonio, na akashinda ubingwa mara 5. Kungoja hakukumnyima kitu.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa Jay Williams. Huyu alikuwa na haraka, ila alikuwa na akili ya kupanga. Alisoma kwa bidii katika chuo cha Duke akamaliza shahada kwa miaka 3 badala ya 4. Mwaka 2002 alichaguliwa wa 2, na Chicago. Alicheza msimu mmoja. Mwezi Juni 2003 alipata ajali mbaya ya pikipiki, na hakucheza tena NBA. Alikuwa na miaka 21. Mpira ulikwisha, lakini shahada haikuvunjika mguu. Baadaye akawa mchambuzi wa michezo kwenye televisheni, na jina lake bado linasikika.

Pesa nyingi peke yake nazo si dawa. Antoine Walker aliondoka chuoni baada ya miaka 2, mwaka 1996, na mishahara yake yote ilizidi dola milioni 100. Mwaka 2010 aliomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika. Mali bila daftari huisha bila habari. Hatusemi kwamba kila mwenye shahada anajua kutunza pesa; sote tunawajua wasomi wenye madeni. Tunasema kijana wa miaka 19 anayepewa pesa za ukoo mzima anahitaji mtu wa kumfundisha hesabu, awe chuoni au nje.

WALIOTOKA AFRIKA

Dikembe Mutombo wa Kongo alifika chuo cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Mpira ulikuja baadaye. Alimaliza masomo, akachaguliwa wa 4 mwaka 1991 akiwa na miaka 25. Mtu mzima kabisa! Wengine wangesema amechelewa, lakini alicheza misimu 18, hadi 2009. Udaktari hakuupata, ila alijenga hospitali mjini Kinshasa yenye jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007. Alifariki mwaka 2024, na hospitali imebaki.

Jirani yetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikaa chuo cha Connecticut miaka 3. Mwaka 2009 alichaguliwa wa 2, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kwa kuchaguliwa juu namna hiyo mkataba wake ulikuwa wa uhakika, kwa hiyo si rahisi kusema alikosea kuondoka. Hata hivyo alihama kutoka timu hadi timu, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ilikoma. Alikuwa na miaka 27, umri ambao kwetu watu ndio kwanza wanaanza kazi. Hapo ndipo tunaona kwamba hata aliyefaulu ana miaka mingi ya kuishi baada ya mpira.

MAMBO YALIYOBADILIKA

Hoja ya haki tuliyoitaja imepata jibu kwa sehemu. Tangu Julai 2021 wanafunzi wachezaji wa Marekani wanaruhusiwa kulipwa na makampuni kwa matumizi ya jina na picha zao. Na mwaka 2025 mahakama ilikubali mapatano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji. Kwa hiyo siku hizi mchezaji maarufu anaweza kukaa chuoni na mfukoni asikose kitu. Lakini mzazi wa Kenya ajue hili: mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ana masharti makali kuhusu kufanya kazi. Asikubali malipo yoyote kabla hajauliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, asije akapoteza viza kwa ajili ya tangazo la viatu.

Vilevile, mchezaji wa chuo anaweza kujiandikisha kuchaguliwa, akajipima mbele ya timu, akasikia maoni yao, kisha akajiondoa kabla ya siku ya mwisho na kurudi darasani. Huu ni mlango mzuri. Utumike.

SISI TUNAONAJE?

Tumesikiliza pande zote mbili. Msimamo wetu ni huu: yule ambaye timu zimemhakikishia nafasi ya juu, anaweza kwenda, na asilaumiwe. Yule anayeambiwa "pengine raundi ya pili" abaki amalize, kwa sababu anauza kitu cha hakika kununua bahati nasibu. Na wote wawili, anayekwenda na anayebaki, wasiache cheti njiani.

Kwa maana kuondoka si lazima kuwe mwisho wa masomo. Michael Jordan aliondoka chuoni mwaka 1984, akamaliza shahada yake mwaka 1986. Shaquille O'Neal aliondoka mwaka 1992, akapata shahada mwaka 2000, na mwaka 2012 akapata ya udaktari katika elimu. Vince Carter naye aliondoka baada ya miaka 3, akaendelea kusoma. Mwezi Mei 2001 sherehe ya kupokea shahada iliangukia siku ya mechi kubwa ya timu yake. Asubuhi alivaa joho chuoni, kisha akapanda ndege kwenda kucheza. Timu yake ilishindwa kwa pointi moja, na watu wakamlaumu sana. Mechi ile imepita. Shahada bado ni yake.

Kabla ya kuamua, kijana na wazazi wake wakae chini wajibu maswali haya:

1. Nani anasema nitachaguliwa? Ni timu yenyewe, au ni wakala anayetaka asilimia yake, au ni marafiki?

2. Mkataba unaahidi miaka mingapi hata nikiumia?

3. Nimebakiza masomo mangapi, na nitayamaliza lini na wapi? Iandikwe.

4. Nani atashika hesabu ya pesa, na nani atamkagua huyo?

5. Nikiamka kesho siwezi kuruka tena, nitafanya kazi gani?

Swali la tano ndilo kubwa. Kijana asiyeweza kulijibu bado hajawa tayari kuondoka, hata kama ana urefu wa futi saba.

KWA MAJADILIANO KATIKA VIKUNDI

(a) Katika mtaa au kijiji chetu, ni vijana wangapi walioacha shule kwa sababu ya mchezo, muziki au kazi ya haraka? Wako wapi leo?

(b) Familia yenye shida inaweza kumsukuma mtoto atafute pesa mapema. Tufanyeje ili mzigo wote usimwangukie yeye?

(c) Makocha wetu wa shule wanawaambia nini vijana kuhusu masomo? Je, mchezaji hodari anayeanguka mtihani huachwa tu kwa sababu anashinda vikombe?

(d) Kila mmoja ajibu swali la tano hapo juu kwa kazi anayoifanya yeye mwenyewe.

Jadilianeni bila kuoneana haya, na vijana wapewe nafasi ya kusema kwanza. Wao ndio watakaoishi na uamuzi huu.