Kutafuta Kazi ni Shughuli ya Nyumba Nzima

Mshahara unapokoma, anayeumia si aliyeachishwa kazi peke yake. Pengo hilo huonekana jikoni, dukani na shuleni. Somo hili linaeleza jinsi familia inavyoweza kuendesha maisha ya kila siku wakati mmoja wao anatafuta kazi, bila kumvunjia heshima wala kuuza mali itakayohitajika kesho.

1. Habari isemwe mapema

Wapo wanaoendelea kutoka nyumbani alfajiri kana kwamba wanaenda kazini. Siri hiyo ina gharama. Nauli inalipwa bure, deni la dukani linakua, na mwenye nyumba anabisha hodi kabla mke au mume hajajua lolote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Watoto nao waelezwe kwa maneno ya umri wao: chakula kipo, shule itaendelea, ila baadhi ya vitu vitasubiri.

2. Kilicho haki kidaiwe

Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mfanyakazi anayeondoka baada ya kuhudumu wiki 4 mfululizo au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha utumishi. Cheti hicho kitamsaidia anapoomba kazi nyingine. Aliyeachishwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa hulipwa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Aliyehudumu miaka 6, kwa mfano, anadai mshahara wa siku 90. Mwajiri akikataa, malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi.

3. Bajeti ipangwe upya

Familia iketi pamoja na kugawa matumizi katika mafungu matatu. La kwanza ni yasiyoweza kungoja: unga, kodi ya nyumba, maji na dawa. La pili ni yanayoweza kujadiliwa, kama karo na mikopo. Afadhali kumwendea mwalimu mkuu au afisa wa sacco kabla ya tarehe ya kulipa kupita, kwani anayekuja mapema husikilizwa kuliko anayetafutwa. La tatu ni ya kusimamishwa kwa muda.

Bima ya afya isisahaulike. Makato ya mshahara yanapokoma, mchango wa SHA hauendelei wenyewe. Familia isiyo na mshahara hufanyiwa tathmini ya mapato, kisha hulipa mchango wa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mtoto akilazwa wakati mchango haujalipwa, bili moja yaweza kumaliza akiba yote.

4. Siku iwe na ratiba

Anayetafuta kazi ana kazi ya kufanya. Asubuhi aachiwe nafasi ya kusoma matangazo, kuandika barua za maombi na kwenda saiba. Mchana ashike shughuli za nyumbani. Ikiwa mama anarudi sokoni jioni akiwa amechoka, si haki akute vyombo havijaoshwa na watoto hawajaoga. Baba akibeba ndoo ya maji hapungukiwi na ubaba wake.

Kwa upande mwingine, kumuuliza kila jioni "Umepata?" humchosha mtu kuliko kutembea juani. Ni vyema kuchagua siku moja ya juma, kama Jumapili alasiri, ya kupokea ripoti: maombi mangapi yametumwa, majibu gani yamekuja, nauli kiasi gani inahitajika juma lijalo. Siku nyingine mazungumzo yawe ya mambo mengine. Maneno makali kuhusu pesa yasisemwe mbele ya watoto.

5. Pesa za kutafuta kazi zilindwe

Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kudai vyeti vya uidhinishaji, kama kile cha polisi cha tabia njema, kabla hajakusudia kumwandikia mwombaji mkataba. Kwa hiyo familia haina haja ya kukopa ili kununua vyeti vyote mapema.

Hatari kubwa zaidi ni matapeli. Nafasi za serikali ya kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na haziuzwi. Anayeomba "chai" ili jina liingie kwenye orodha ni mwizi. Kwa kazi za ng'ambo, wakala athibitishwe kwanza na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Familia ijiwekee kanuni moja: hakuna mbuzi, ng'ombe wala kipande cha shamba kitakachouzwa kwa ajili ya ahadi ya kazi kabla ya wote kuketi na kukubaliana. Kazi ikikosekana leo, yaweza kupatikana mwezi ujao. Shamba likiuzwa halirudi.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni matumizi gani matatu yanayoweza kusimamishwa mwezi huu?
2. Mchango wa SHA wa familia umelipwa hadi lini?
3. Nani atafanya kazi zipi za nyumbani, na ripoti itatolewa siku gani?
4. Mtu akipiga simu leo kuahidi kazi kwa malipo, nani ataulizwa kwanza?