Kutu inayojificha ndani ya beto



Katika somo la shimi tulijifunza ya kuwa chuma, maji na hewa vikikutana vinazaa kutu. Kutu ya jembe tunaiona kwa macho. Lakini kutu ya chuma kilichofunikwa na beto, nani ataiona? Tarehe 14 Agosti 2018, mu muji wa Genova, inchi ya Italia, kilalo kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1967 kilianguka, watu 43 wakafa. Kamba zake za chuma zilikuwa zimefungwa ndani ya beto, na kule juu ya mnara wa 9 zilikuwa zimeliwa. Wataalamu wa tribinali waliandika hivyo mwaka 2020.

Basi, simenti si inalinda chuma? Ndiyo. Beto mpya ni bazi kali, pH yake iko 12 hata 13, na humo chuma kinajivika ngozi nyembamba sana yenye kukilinda. Lakini gazi kaboniki ya hewa inaingia pole pole, mwaka kwa mwaka, inashusha pH hata chini ya 9, na ngozi inaharibika. Chumvi nayo inaitoboa hata kama pH ingali juu. Halafu kutu inavimba, inachukua nafasi kubwa kupita chuma chenyewe, na beto inapasuka. Ukiona ufa, ujue kazi mbaya ilianza zamani.

Chombo cha kwanza ni nyundo, haina bei. Beto nzima inalia sauti kali. Ile iliyoachana na chuma inalia kama debe tupu. Tulijaribu chini ya dari ya veranda yetu, pale wadogo wa mwaka wa kwanza wanajikinga mvua. Mu mita mbili hivi tulisikia debe. Tukavunja kidogo: juu ya chuma beto haikufika hata santimetre moja! Pale pale tulipovunja tukatia matone ya fenolftaleini ya labo. Ndani ilikuwa rozi. Toka uso mpaka kwenye chuma hakuna rangi. Bazi imekwisha. (Angalieni, dawa hii haioni chumvi. Lakini sisi tuko mbali na bahari.)

Kiisha kuna voltimetri. Waya moja unafungwa kwa chuma, mwingine kwa fimbo ya shaba iliyo ndani ya maji ya silfati ya shaba, katika chupa yenye kizibo cha sponji, nayo inagusa beto iliyoloweshwa. Ikisoma –350 milivolti ao chini zaidi, karibu hakika kutu inakula. Ikiwa juu ya –200, karibu hakika hapana. Katikati ya hizo, hatuwezi kusema. Tena haituambii chuma kimebaki unene gani. Kwa hiyo lazima kukifunua na kukipima.

Siku ya posho tutapima veranda yote. Kwa sasa Perefe ametegemeza dari kwa miti. Wadogo, musisimame pale hata mvua ikinyesha. Mukimbilie mu darasa la tatu, mulango hautafungwa.