Hidrojeni: Umeme Upi, Maji Yapi?

Ndugu mkazi wa Kata ya Majengo, hidrojeni ni gesi inayopatikana kwa kupitisha umeme katika maji, yakagawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Umeme huo ukitokana na jua, upepo au maporomoko ya maji, gesi hiyo huitwa ya nishati jadidifu. Hidrojeni hutumika, pamoja na mengine, kutengenezea amonia, malighafi ya mbolea za viwandani.

Tuanze na hesabu anayoielewa kila mwenye mita ya LUKU. Kilo moja ya hidrojeni huhitaji takriban uniti 50 hadi 55. Ikigeuzwa tena kuwa umeme, hurudisha uniti 15 hadi 20 tu. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii hupungua njiani. Kwa hiyo inafaa itengenezwe kwa umeme wa ziada, kama ule wa jua la adhuhuri, si kwa umeme unaohitajiwa na nyumba, zahanati na mashine za kusaga.

Hapo ndipo udhibiti unapohitajika. Wingu likipita, umeme wa jua hushuka ghafla. Mtambo ukifanya kazi kwa umeme mdogo mno, hidrojeni huweza kupenya upande wa oksijeni na kufanya mchanganyiko unaolipuka. Kwa sababu hiyo, kifaa cha udhibiti hupima umeme unaoingia, huagiza betri kuziba pengo fupi, na pengo likirefuka huuzima mtambo kwa utaratibu.

Zimbabwe inatupa funzo. Kiwanda cha mbolea cha Sable Chemicals, karibu na Kwekwe, kilizalisha hidrojeni kwa umeme kwa miongo kadhaa. Umeme ulipokuwa adimu na ghali, mtambo huo ulifungwa mwaka 2015, na kiwanda kikategemea amonia kutoka nje.

Kwetu Dodoma kuna suala la pili: maji. Kila kilo ya hidrojeni hutumia angalau lita 9 za maji yaliyosafishwa. Mji wetu hutegemea kwa kiasi kikubwa visima vya Mzakwe, ambavyo maji yake husukumwa kwa pampu za umeme.

Basi, mradi wa namna hii ukiletwa katika mkutano wa mtaa, tuulize mambo matatu: Umeme wake ni wa ziada kweli? Maji yatatoka wapi? Umeme ukipungua, kitakachozimwa kwanza ni mtambo huo au pampu zetu?