KESHO-KESHO NA KUTEGEANA: MARADHI MAWILI YA WANAFUNZI

Wanafunzi wetu wana maradhi mawili yawarudishayo nyuma. Ya kwanza ni kuahirisha: kazi ya leo hutupiwa kesho, na kesho ikifika hutupiwa kesho yake. Ya pili ni kutegea: wakiwekwa kundi moja, kila mmoja humtazama mwenziwe, na mzigo ukamwangukia mmoja au wawili. Wazee wengi wadhani dawa ni bakora na maneno makali. Sisi twaona kwamba kabla ya kutibu yafaa tujue chanzo.

Ama kutegea, jambo hili limepimwa. Mfaransa Ringelmann, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1913, aliwapima watu wakivuta kamba. Wakivuta 8 pamoja, nguvu ya kila mmoja hupungua hata kukaribia nusu ya ile aivutayo peke yake. Huenda mtu akasema: hao hawakwenda sawa tu. Jawabu lilikuja mwaka 1979 huko Marekani. Latané na wenziwe waliwafunika wanafunzi macho na masikio, wakawaambia wapige kelele pamoja na wenzao, na hali kila mmoja alikuwa akipiga peke yake. Sauti zao zilipungua vile vile! Basi kilichopungua ni juhudi pia. Lakini katika majaribio ya mwaka 1981, walipojua kwamba sauti ya kila mmoja yapimwa mbali, kutegea kulitoweka.

Twajifunza hapa kwamba mwanafunzi hutegea khasa pale kazi yake isipoonekana. Kwa hivyo mwalimu agawapo kazi ya kundi, na ampe kila mmoja fungu lake kwa jina, kisha amuulize yeye mwenyewe. Asipofanya hivyo humdhulumu mwenye bidii, ambaye akichoka kuwabeba wenziwe naye hutegea.

Ama kuahirisha, haitoshi kusema "nitajitahidi". Mwaka 1997 Gollwitzer na Brandstätter walieleza habari za wanafunzi wa Ujerumani waliotakiwa kuandika ripoti katika siku za sikukuu. Nusu yao waliambiwa wataje mapema wakati na mahali watakapoandika. Katika hao, zaidi ya thuluthi mbili walitimiza. Katika wengine, kama thuluthi moja tu. Basi mtoto asiseme "nitadurusu kesho", bali aseme: "Baada ya Isha, nikisha kula, nitakaa pale mezani nianze hesabu." Na kazi kubwa ikatwe vipande, kila kipande na siku yake; kwani mwaka 2002 Ariely na Wertenbroch walionyesha kwamba hivyo ni bora kuliko kuachiwa yote siku ya mwisho.

Wazee wetu, ada mnailipa kwa jasho. Mtoto azoeaye kutegea darasani atategea dukani na bandarini na katika kazi za mji. Na mji wa wategeaji haujengeki. Tuanze usiku huu huu: kila mzazi amuulize mwanawe, "Utasoma nini, wapi, na saa ngapi?" Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.