Kompyuta Iliyoundwa Nyumbani Isipoonyesha Picha

Fundi mwanafunzi anapomaliza kuunganisha kompyuta yake ya kwanza na kubonyeza swichi, mara nyingi feni huzunguka na taa huwaka, lakini skrini hubaki nyeusi. Hapo wengi hukata shauri upesi kwamba kifaa fulani kimeungua, wakanunua kingine, na akiba ya miezi mingi ikapotea bure. Kuzunguka kwa feni si dalili ya uzima, wala weusi wa skrini si dalili ya kuungua.

Yafaa kwanza kujua yatendekayo katika sekunde za mwanzo. Kisanduku cha umeme hupokea umeme wa nyumbani, ambao Tanzania ni wa volti 230, na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Volti hizo zikishatulia, kisanduku hupeleka ishara kwenye ubao mama, yaani bamba kubwa libebalo vifaa vingine, ndipo prosesa ianzapo kazi. Prosesa husoma programu ya BIOS iliyomo katika chipu ya ubao huo. Programu hiyo huiandaa kumbukumbu ya RAM, kisha hukitafuta chombo cha picha. Kasoro yoyote iliyotangulia hatua hiyo huishia katika weusi ule ule. Diski hutafutwa baadaye, kwa hiyo si ya kushukiwa mwanzoni.

Uchunguzi huanza na nyaya, kwa kuwa hazina gharama. Kompyuta yenye kadi ya picha, waya wa skrini huchomekwa kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao mama. Prosesa kama Core i5-12400F au Ryzen 5 5600X hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe, ingawa tundu la HDMI laweza kuwapo kwenye ubao na kumhadaa fundi. Tena, mbali na plagi kubwa ya pini 24, prosesa ina plagi yake, kwa kawaida ya pini 8, penye pembe ya juu ya ubao. Hiyo husahauliwa sana: feni huzunguka, lakini prosesa haina umeme.

RAM huleta matatizo zaidi ya vifaa vingine. Bamba lake hutaka kusukumwa kwa nguvu mpaka vibanio vilie, na fundi mgeni huogopa kulivunja, akaliacha nusu njia. Ubao wenye nafasi nne ukitiwa mabamba mawili, aghalabu hutakiwa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kompyuta za DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa kujirekebisha mara ya kwanza. Anayeizima kila baada ya dakika moja huilazimisha kuanza upya, naye hudhani imekufa.

Hayo yote yakiwa sawa, ubao hutolewa ndani ya kasha na kulazwa juu ya boksi la karatasi ngumu. Hubakizwa prosesa na feni yake, bamba moja la RAM, na kadi ya picha ikiwa ni lazima. Pini mbili za swichi huunganishwa kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja. Picha ikitokea, yaelekea kosa limo kashani: pengine kinguzo cha shaba kimefungwa pasipo tundu, kikagusa mgongo wa ubao. Isipotokea, hujaribiwa bamba jingine la RAM, au nafasi nyingine, badiliko moja kwa kila jaribio. Mbao nyingi za siku hizi zina vitaa vinne vinavyotaja hatua iliyokwama: prosesa, RAM, picha au diski. IBM PC ya mwaka 1981 ilitoa mlio mmoja mfupi majaribio yalipofaulu.

Prosesa mpya yaweza kukataliwa na BIOS ya zamani. Mbao nyingine zina kitufe cha kuifanya upya kwa kidude cha USB. Soketi ya LGA1700 ya Intel ina pini 1,700 nyembamba mno, na iliyopinda hutafutwa kwa lenzi.

Kabla ya kugusa chochote ndani, plagi ya ukutani hung'olewa. Kisanduku cha umeme chenyewe hakifunguliwi kamwe, kwa sababu kapasita zake huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kung'olewa. Kikishukiwa, hujaribiwa kingine kizima cha kuazima, pamoja na nyaya zake chenyewe.