Aliyefariki Kabla ya Kuyafikia Maji

Soma kwa ajili ya somo hili: Marko 16:16, Luka 7:29, 30, 23:39–43, Yohana 3:5, Matendo 8:9–24, 36–38, 10:44–48, 16:33, Warumi 6:3–5.

Fungu la Kukariri: Warumi 6:4.

Swali la somo hili mara nyingi huulizwa msibani. Darasa la Simbo na limfikirie kijana aliyemaliza masomo ya ubatizo, akakubaliwa, na siku yake ikapangwa kuwa Sabato ya mwisho ya makambi. Juma moja kabla, anatoka usiku kuvua dagaa, upepo unachafuka, na mtumbwi haurudi. Mama yake anamwuliza mzee wa kanisa: “Mwanangu amepotea kwa sababu hakubatizwa?”

Soma Marko 16:16. Ni neno gani lililo katika nusu ya kwanza ya fungu ambalo halirudiwi katika nusu ya pili?

Imani na ubatizo vimetajwa pamoja kwa habari ya kuokoka. Kwa habari ya hukumu, kinachotajwa ni kutokuamini peke yake. Kinachomfunga mtu ni kumkataa Kristo, wala si kukosa nafasi ya kuingia majini.

Wengine husema yule mnyang’anyi msalabani si mfano, kwa kuwa ubatizo ulikuwa haujaanza. Jibu hilo halisimami. Yohana alikuwa amekwisha kubatiza Yordani, na Luka 7:30 inawalaumu Mafarisayo waliokataa ubatizo wake kuwa wameyakataa makusudi ya Mungu kwao. Mnyang’anyi aliokolewa bila maji kwa sababu alikuwa amepigiliwa. Hakuwa na jinsi ya kushuka. (Mjadala wa koma katika Luka 23:43 usiingizwe hapa, la sivyo kipindi kitaisha humo. Una somo lake.)

Historia ya karibu inatoa mfano mwingine. Mapadre Weupe waliofika Ujiji mwezi Januari 1879 walikuwa wametoka Bagamoyo mwaka 1878 pamoja na wenzao waliokwenda Buganda. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliagiza wanafunzi wafundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Mateso ya Kabaka Mwanga hayakungoja miaka minne. Mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza usiku wenzake wachache waliokuwa bado wanafunzi, akiwamo kijana Kizito. Mukasa Kiriwawanvu hakuwamo katika kundi hilo. Aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni bila kubatizwa kwa maji.

Roma, ambayo hufundisha kwa mkazo kwamba ubatizo ni wa lazima, ilimtangaza Mukasa kuwa mtakatifu mwaka 1964 pamoja na wenzake 21, ikasema damu yake ilikuwa ubatizo. Waadventista hawatangazi watakatifu, na jina “ubatizo wa damu” halimo katika Maandiko. Hata hivyo jambo moja linaonekana: hata wenye fundisho kali hawakuthubutu kusema kijana huyo amepotea. Maandiko yanatosha kulieleza hilo. Mwokozi ni Kristo, na ubatizo hutangaza kifo na ufufuo wake ndani ya aaminiye. Mama wa yule mvuvi anaweza kuambiwa bila kusitasita kwamba mwanawe amelala akimngoja Bwana aliyemwamini.

Soma Matendo 10:44–48. Kama Kornelio na jamaa yake walikwisha kupokea Roho Mtakatifu, kwa nini Petro aliamuru wabatizwe?

Hapa ndipo wengi huteleza. Rehema kwa asiyeweza hugeuzwa kuwa ruhusa kwa asiyetaka. Kornelio alikuwa na maji, na mtu wa Simbo ana Ziwa Tanganyika, lenye kina kuliko ziwa lolote la Afrika. Anayeahirisha kwa kuogopa ndugu zake, au kwa sababu duka lake huuza sana siku ya Sabato, hawezi kujificha nyuma ya mnyang’anyi. Naye aliyekwisha kubatizwa amtazame Simoni wa Matendo 8: alitoka majini, na moyo wake haukuwa mnyofu.

Kanisa nalo lijiulize. Mlinzi wa gereza la Filipi alibatizwa usiku ule ule, baada ya kuhubiriwa Neno. Mafundisho kamili ni ya lazima. Lakini kumngojesha aliye tayari ili idadi ya makambi ionekane kubwa hakuna fungu linalokuunga mkono.

Jadilini katika kikundi: Towashi aliuliza ni nini kinachomzuia asibatizwe. Miongoni mwa wanaohudhuria kwenu sasa, ni nani aliye tayari ambaye bado anangoja, na anamngoja nani?