Usitupe Shuka Kuukuu: Shona Mfarishi

Shuka huanza kuchakaa katikati, pale mwili unapolala na kujigeuza usiku kucha. Upande wa miguuni na sehemu zinazochomekwa chini ya godoro hubaki nzima kwa miaka. Hata hivyo, katikati pakishatoboka, shuka zima hugeuzwa tambara la kudekia. Hiyo ni hasara isiyo na sababu. Sehemu zile nzima zinatosha kushona mfarishi wa viraka: uso wa vipande vilivyoungwa, kijazo katikati na bitana chini. Kitambaa chenyewe kimeshafuliwa mara nyingi kikalainika, na kama ni cha kurudi, kimesharudi.

Lakini si kila shuka linafaa. Uzuri wa mfarishi huamuliwa na aina ya kitambaa na ufumaji wake, kabla hujashika mkasi.

Chagua kwa mkono na kwa jicho

Pamba tupu ndiyo bora. Haitelezi chini ya mguu wa cherehani, na mkunjo ukipigwa pasi hukaa ulipo. Tetroni, yaani mchanganyiko wa pamba na poliesta, inafaa kwa mfarishi wa kufuliwa mara kwa mara kwa kuwa haijikunji sana, ila mishono yake ni migumu kulazwa kwa pasi. Mashuka ya satini ya poliesta yaache. Huteleza wakati wa kushona na hushika joto usiku.

Usiamini lebo peke yake. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo nje ya nyumba, uziwashe. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Uzi unaofanya yote mawili ni wa mchanganyiko.

Kisha inua shuka kwenye mwanga. Panapopitisha mwanga kuliko kwingine ndipo palipochakaa. Pazungushie chaki, usipatumie. Shika kitambaa kwa mikono miwili, uvute kwa vidole gumba. Kikichanika kwa kuvutwa hivyo, hakitadumu kikiwa kiraka.

Ukinunua mitumba, iwe Gikomba, Kongowea au Karume, funua shuka lote kabla ya kukubaliana bei. Kagua pindo na mishono, kwani huko ndiko kunguni hujificha. Usikatae shuka lenye lastiki. Ukishakata lastiki na zile pembe zilizoshonwa, unabaki na kitambaa tambarare kama kingine chochote.

Fua kwanza, kata baadaye

Loweka mashuka kwenye maji ya moto na sabuni, uyafue, uyaanike mpaka yakauke kabisa. Shuka jekundu, jeusi au la buluu iliyoiva lijaribu: lisugue likiwa bichi kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikibeba rangi, fua shuka hilo peke yake mpaka maji yatoke safi, la sivyo litachafua viraka vyote vyeupe.

Likikauka, kata pindo, kisha tafuta mwelekeo wa uzi. Tia mkasi kidogo ukingoni, halafu chana kwa mikono. Shuka la pamba lililofumwa kawaida huchanika kufuata uzi, na hapo unapata ukingo ulionyooka kuliko mstari wowote wa chaki. Kiraka kilichokatwa mshazari huvutika, na viraka vichache vya namna hiyo hupindisha mfarishi mzima.

Hesabu ya viraka

Kwa kitanda cha mtoto, kata miraba 63 yenye inchi 6 na nusu kila upande. Ukishona kwa kuacha robo inchi ukingoni, kila mraba utabaki inchi 6. Panga safu 9 za miraba 7, utapata mfarishi wa inchi 42 kwa 54. Mashuka matatu ya rangi tofauti yatatoa miraba 21 kila moja.

Kwa kitanda cha futi 5 kwa 6, utahitaji miraba 168: safu 14 za miraba 12. Mfarishi utakuwa futi 6 kwa 7, na nusu futi itaning'inia kila upande.

Shuka la maua lina faida ya ziada: upande wake wa nyuma huwa na rangi iliyofifia, hivyo kitambaa kimoja kinakupa rangi mbili. Shuka lililodariziwa usilikatekate. Acha ua zima likae katikati ya mfarishi, viraka vilizunguke. Kanga ya pamba huungana vizuri na shuka kwa kuwa uzito wao unakaribiana. Kitenge kizito huvuta mshono kikiungwa na shuka jembamba, kwa hiyo kitengee kazi nyingine.

Mashuka mengi yamefumwa kwa nyuzi nyembamba zilizobanana. Sindano namba 14 iliyokwishatumika huvuta nyuzi hizo au huruka mishono. Weka sindano mpya namba 11. Kila safu ikiisha, piga pasi mishono ielekee upande mmoja, na ya safu inayofuata ielekee upande wa pili. Safu zikikutana, mishono itakaa sawa bila kurundikana.

Bitana ndiyo kazi kuu ya shuka

Hapa ndipo shuka linaposhinda vitambaa vya jora. Vingi vya dukani vina upana wa inchi 45 au 60, kwa hiyo bitana ya kitanda kikubwa hulazimika kuungwa. Shuka moja lisilochakaa linatosha bila mshono hata mmoja. Liache lizidi uso kwa inchi 3 kila upande.

Kijazo kitegemee unakoishi. Mombasa au Tanga, shuka la pili linatosha, na wengine hawaweki kijazo kabisa. Njombe au Limuru, tumia blanketi jembamba lililozeeka. Sufi na pamba za kutawanya huhama na kujikusanya pembeni, hivyo hazifai isipokuwa mishono iwe karibu karibu sana.

Tandaza bitana sakafuni, uso wake ukitazama chini, uivute kiasi na kuibana pembeni. Weka kijazo, kisha uso wa viraka. Piga bandi kwa mishono mirefu, ukianzia katikati kuelekea nje ili mikunjo isukumwe pembeni. Kisha shona kupitia tabaka zote, mistari isipishane zaidi ya inchi 4. Kwenye cherehani, refusha mshono mpaka milimita 3. Mwishoni fumua bandi, punguza kijazo kilichozidi, kunja bitana mara mbili ije juu ya uso na uishone. Hiyo ndiyo taraza yako.

Kama huna cherehani

Wasiddi wa Karnataka nchini India, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko karne nyingi zilizopita, hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa mkono mtupu. Hawaungi uso kwanza. Mwanamke hutandaza nguo kuukuu, mara nyingi sari, kisha huanza pembeni akipachika viraka kimoja baada ya kingine, huku akishona mistari kuzunguka kuelekea katikati. Pembe hupambwa kwa vitambaa vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua.

Njia hii inalifaa sana shuka, kwa sababu bandi, uungaji na ushonaji wa tabaka hufanyika kwa pamoja. Chagua shuka lililofuliwa mpaka likalegea. Shuka jipya lililobanana huumiza vidole. Tumia uzi mnene wa pamba na vaa subana.

La mwisho

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilale na mfarishi, kwa kuwa unaweza kumziba pumzi. Mtandikie sakafuni acheze juu yake, ukiwa karibu naye.

Anza na huu mdogo wa miraba 63. Ukiumaliza, umeshaijua kazi yote, maana mfarishi wa kitanda kikubwa hauna hatua mpya hata moja. Umezidi kwa idadi ya miraba tu.